Uyoga wa miombo ya Handeni: anza na kitako, rangi iwe ya mwisho

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi naishi Tanga mjini ila kwetu ni Handeni. Masika haya nilikwenda kumsalimia bibi, tukaingia kwenye miombo nyuma ya shamba. Uyoga ulikuwa wa kila rangi: mwekundu, wa zambarau, wa kijani, mweupe. Wote kwa chini ni mweupe, na ukiushika vibaya unavunjika. Bibi aliokota mwekundu na wa zambarau tu, wa kijani akaupita. Nilipiga picha, programu ya simu ikasema ni Russula emetica na kwamba unatapisha, lakini tuliula na hatukudhurika. Nimesoma pia kwamba ukionja kipande kidogo na hakiwashi ulimi, basi unalika. Ni kweli? Nitautambuaje mwenyewe? Na ule unaoota chini ya miembe pale nyumbani ni huohuo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na simu yako, maana ndiyo iliyokuchanganya. Programu hizo hufundishwa kwa picha, na picha nyingi za uyoga zilizomo mtandaoni zimepigwa Ulaya na Marekani. Ukiionyesha kofia nyekundu juu ya shina jeupe, inakupa jina lililo maarufu kuliko yote kwa sura hiyo. Russula emetica ni uyoga wa misitu ya misonobari ya Ulaya, penye majimaji na kuvumwani, yale majani mafupi laini kama zulia. Handeni huwezi kuukuta kwenye miombo. Simu imepata ukoo, jina la mtu imekosea. Kupata ukoo nako si haba: kwa maelezo yako, hata mimi nadhani mliokota rusula, yaani uyoga wa ukoo huo wa Russula. Ila nadhani tu, kwa sababu hukuniambia kitako cha shina kilikuwaje, na hapo ndipo penye maisha ya mtu.

Uyoga usiung'oe kwa kuuvuta, wala usiukate juu ya ardhi. Chomeka ncha ya kisu pembeni, vidole vitatu hivi kutoka kwenye shina, ubinue udongo mpaka uyoga uinuke na kitako chake chote. Futa udongo kwa kidole gumba, taratibu, utazame. Rusula haina kitu pale chini. Shina linafika mwisho, pengine limechongoka kidogo, basi. Ukikuta kifuko, utando uliochanika, au magamba yanayozunguka kitako kilichovimba, huo uache hapohapo porini. Kifuko hicho ni mabaki ya ganda ambalo amanita wengi huzaliwa nalo, na ukoo wa amanita ndio wenye kuua watu wengi kuliko uyoga mwingine wowote duniani. Anayekata shina juu kwa kisu ili kikapu kisichafuke anaacha ushahidi ardhini. Nakuomba hili ulishike hata kama mengine yote utayasahau.

Sasa livunje shina. Lishike kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa katikati, ulikunje ghafla. Shina la rusula linakatika kama chaki: pa! Sehemu iliyokatika ni kavu, ya chembechembe, haina nyuzi hata moja. Shina la uyoga mwingine mwingi likivunjwa linachanika kwa urefu, linaacha nyuzinyuzi, wakati mwingine linakunjika tu na kukataa kukatika. Sababu yake iko ndani. Mwili wa uyoga kwa kawaida umesukwa kwa seli ndefu nyembamba. Rusula na ndugu zake wana, pamoja na hizo ndefu, mafungu ya seli za mviringo, na mpasuko unapita katikati ya mafungu hayo bila kizuizi. Jaribu pia matamvua, yale mapande membamba yaliyopangana chini ya kofia: pitisha kidole kwa nguvu kidogo, nayo yatamegeka na kutawanyika. Kwa rusula nyingi matamvua hayo yanatoka ukingoni mpaka shinani bila kuchanganyika na mafupi mengi katikati. Kuna zinazovunja kanuni hii. Ulaya ipo rusula moja, Russula cyanoxantha, ambayo matamvua yake ni laini, yanapinda bila kumegeka. Ndiyo maana sitoi hukumu kwa dalili moja.

Ukishavunja, subiri kidogo utazame kama kuna utomvu. Ndugu wa karibu wa rusula nao wanavunjika vilevile, lakini wakikatwa matamvua wanatoa maziwa, meupe au ya rangi nyingine. Rusula haitoi. Hao wenye maziwa pia wamejaa kwenye miombo, na baadhi wanaliwa sana Tanzania na Zambia. Jua likiwa limewaka siku kadhaa maziwa hukauka, kwa hiyo pima kwenye uyoga mchanga uliookotwa asubuhi, na ukate karibu na shina.

Halafu kuna spora, vumbi la uzazi. Hapa huhitaji maabara. Kata kofia, iweke matamvua yakiangalia chini juu ya kipande cha kioo, funika na bakuli, ulale. Asubuhi utakuta unga umejichora. Inua kioo uweke juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya nyeusi. Rusula hutoa unga mweupe, wa krimu au wa manjano iliyokolea kiasi. Unga wa waridi si wa rusula. Uyoga wa kichuguu, ule mkubwa wenye mzizi mrefu unaozama mpaka kwenye makazi ya mchwa, ndio wenye unga wa waridi hafifu. Unga wa kijani si wa rusula kabisa: ni wa ule uyoga mweupe mpana wenye magamba ya kahawia unaoota kwenye nyasi za viwanja na bustani, na unatapisha vibaya sana. Ila ujue unga mweupe peke yake hausafishi mtu, maana amanita nao unga wao ni mweupe.

Umeona bado sijagusa rangi. Mtu akinipigia simu anaanza na rangi: "Ni mwekundu, mtaalamu, mwekundu kabisa!" Rangi ya rusula iko kwenye ngozi ya juu ya kofia na mara nyingi inatoka na maji. Mvua ya usiku mmoja inaweza kuigeuza nyekundu ikawa ya waridi, na ya zambarau ikabaki na rangi ukingoni tu huku katikati imepauka. Aina moja inaweza kuwa na zambarau, kijani na kahawia kwenye kofia moja. Kwa hiyo "mwekundu na wa zambarau" aliouokota bibi huenda ni aina mbili, tano au hata moja.

Na wekundu una hatari yake, hasa kwa watu wa Lushoto wanaosoma jibu hili. Kwenye mashamba ya misonobari, kama yale ya Shume, kuvu waliopo chini ya miti, ambao ndio wanaotoa uyoga, si wa kwetu. Misonobari haistawi bila kuvu wake mizizini, na ilipoletwa Afrika ililetwa pamoja nao. Katika nchi kadhaa za bara hili mmoja wa wageni hao ni Amanita muscaria, kofia nyekundu yenye madoa meupe. Madoa hayo ni vipande vya lile ganda la utotoni, yamekaa juu juu tu, mvua kubwa inayaosha. Kinachobaki ni kofia nyekundu tupu, matamvua meupe, shina jeupe. Anayetazama rangi atasema rusula. Aliyechimba ataona kitako kilichovimba chenye duara za magamba, na pete kwenye shina. Uyoga huo huvuruga akili ndani ya saa moja au mbili: mtu anapayuka, anayumba, anasinzia.

Kuhusu pete, rusula za Ulaya hazina, na vitabu vya huko husema hivyo bila wasiwasi. Afrika ya kitropiki tunazo rusula chache zenye pete. Ni jambo la kumfurahisha mtu wa maabara. Wewe wa jikoni, ukiona pete, acha.

Sasa miembe. Jibu ni hapana, na sababu yake inafaa kuijua kwa sababu itakuokolea muda mwingi. Rusula haili majani yaliyooza kama uyoga wa mamama tunaoupanda kwenye mabua. Inaishi kwa kushirikiana na mti: nyuzi zake zinavika ncha za mizizi, zinaupa mti maji na madini, mti unazilipa sukari. Si kila mti una ushirika huo. Miombo inao, ndiyo sababu kubwa ya Handeni na Kilindi kujaa uyoga wakati wa mvua. Mkongo, ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, unao. Mikusu inayo. Lakini mwembe, mnazi, mkorosho, katani na mtiki vinashirikiana na kuvu wa namna nyingine kabisa, wasiotoa uyoga wa kuokota. Kwa hiyo unaweza kutembea kwenye mitiki ya Longuza kule Muheza siku nzima usione rusula hata moja, labda pawe na mti wa asili uliobaki ukingoni. Ule wa chini ya mwembe unakula mbolea, majani au kuni zilizozikwa. Mimi sijauona na siwezi kuutaja, ila rusula sio. Uache.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtu huwa "chini ya mti gani?" Akijibu "porini tu", simalizi naye.

Tuje kwenye kuonja. Uliyosoma yana asili yake. Waokotaji wa Ulaya wana kanuni kwamba rusula isiyowasha inalika na inayowasha inatapisha. Wanamega kipande kidogo, wanatafuna, wanatema. Lakini sharti la kwanza la kanuni hiyo ni kuwa umeshathibitisha pasipo shaka kwamba ni rusula, na sharti la pili ni kuwa uko Ulaya. Sharti la kwanza likivunjika, ulimi haukusaidii: waliokula amanita ya kijani ya Ulaya, ile inayoua, na wakapona, wamesimulia kuwa ilikuwa tamu. La pili nalo si dogo. Huko Japani na China ipo Russula subnigricans, nayo imeua. Misuli ya mtu inavunjika, mabaki yake yanapita kwenye damu na kuzishinda figo. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walitangaza kemikali inayofanya hivyo. Hiyo ni ya kundi la rusula ngumu, nene, za rangi ya kijivu au nyeupe iliyochafuka, ambazo nyama yake ikikatwa hugeuka nyekundu au nyeusi. Hapa kwetu rusula yoyote unayoikata ikabadilika rangi hivyo mimi siipeleki jikoni, hata bila kuambiwa ni spishi gani, yaani aina gani hasa.

Vipimo vingine vya mitaani nitavipita haraka: kitunguu kugeuka rangi, sarafu kuwa nyeusi, ngedere kula, konokono kula, ngozi ya kofia kumenyeka. Vyote ni bure. Konokono hula uyoga unaoua mtu na kuendelea na safari zake. Kuchemsha na kumwaga maji kunapunguza ukali wa baadhi ya uyoga unaowasha, na akina mama wengi wanajua hivyo, lakini sumu ya amanita haitoki kwa kuchemsha, kukausha wala kukaanga.

Jina kamili la spishi sasa. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Kuitambua rusula kuwa ni rusula, mtu makini anajifunza ndani ya msimu mmoja. Kusema ni rusula gani ni kazi nyingine. Duniani ziko mamia, na za Afrika zilichelewa kuandikwa. Mtaalamu Mbelgiji Bart Buyck ndiye aliyezipa majina nyingi za bara letu: Russula cellulata, Russula ciliata, Russula roseoviolacea, na mojawapo inaitwa kabisa Russula tanzaniae. Kwa upande wa chakula, Marja Härkönen wa Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita vijijini wakikusanya uyoga pamoja na majina ya kienyeji na maelezo ya wanaouokota. Ili kuzitenganisha aina hizi inabidi spora ziwekwe chini ya hadubini ndani ya ayodini, ambamo chunusi na matuta yake hugeuka bluu nyeusi, na siku hizi vinasaba visomwe. Picha ya simu, hata nzuri namna gani, haifiki huko. Kwa hiyo ukiona mtu mtandaoni anatazama picha ya kofia kutoka juu na kukuandikia jina la spishi na neno "inalika", mpite.

Basi bibi anajuaje? Anajua aina chache, za msitu uleule, chini ya miti ileile, kwa majira yaleyale, alivyoonyeshwa na mama yake. Hajui rusula za Tanzania, anajua za nyuma ya shamba lake, na hizo anazijua kuliko mimi. Ujuzi huo hausafiri. Bibi wa Handeni akihamia Bagamoyo, akaingia misitu ya kule upande wa Saadani, ni mgeni kama wewe. Ukitaka kujifunza kwake, usijifunze kwenye kikapu. Nenda naye msituni, akuonyeshe uyoga ukiwa bado umesimama, mchanga na mkubwa, na akuonyeshe pia anaoupita na kwa nini.

Wa kijani alifanya vyema kuupita, hata kama pengine ni rusula isiyo na neno. Ulaya zipo rusula za kijani zinazopendwa sana mezani, na wapo waliodhani wameokota hizo kumbe ni amanita ya kijani. Rangi hiyo ndiyo ambayo kosa moja halina marekebisho. Msomaji anayeanza sina sababu ya kumruhusu aiguse, wakati wekundu na zambarau wa bibi upo.

Kwa ulaji wenyewe: pika uive kabisa. Mara ya kwanza kula kidogo, aina moja tu, bila kuchanganya na nyingine kwenye sufuria ya nazi, na watoto wadogo wasubiri. Bakiza uyoga mmoja mzima mbichi kwenye friji mpaka kesho kutwa. Kikapu kiwe cha ukili au boksi. Mfuko wa nailoni, mbali ya kuwa ilipigwa marufuku mwaka 2019, huufanya uyoga utoe jasho na kuoza kabla hujafika barabarani, na wengi wanaodai wamelishwa uyoga wa sumu walikula uyoga uliooza.

Mtu akiugua, saa ndiyo inayosema. Kutapika ndani ya saa moja au mbili kunatisha lakini mara nyingi kunapita. Kutapika na kuharisha kunakoanza saa sita au zaidi baada ya kula, hata saa ishirini na nne, ndiko kunakoniogopesha, kwa sababu ndivyo sumu ya amanita inavyofanya. Baadaye mgonjwa anapata nafuu ya siku moja hivi, nyumbani wanashukuru, kumbe ini linaendelea kufa. Msidanganyike na nafuu hiyo. Msimpe maziwa wala mafuta mkikaa kungoja. Mpelekeni hospitali, kwa walio Tanga mjini ipo Hospitali ya Bombo, na mchukue ule uyoga wa kwenye friji na mabaki ya sufuria. Waliokula naye waende pia, hata wasiosikia kitu.

Kama kweli unataka jina la ule wa zambarau, utakaporudi Handeni chukua mitatu ya umri tofauti, na vitako vyake. Upige picha juu, chini, ubavuni, na iliyokatwa katikati kwa urefu. Andika palepale rangi ya kofia ingali mbichi, harufu, mti ulio juu yake, kama nyama ilibadilika rangi, na rangi ya unga wa spora ulioupata asubuhi. Andika na jina analoliita bibi kwa Kizigua. Kausha kwa moto mdogo mpaka ivunjike kwa kukauka, funga kwenye karatasi pamoja na unga wake, upeleke idara ya mimea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Sokoine, Morogoro. Kwenye shamba lenu huhitaji ruhusa ya mtu. Ila ukipata hamu ya kupanda mlimani hadi Amani kutafuta zaidi, pale ni hifadhi: omba kibali kwanza, na usichomeke kisu ardhini kabla hujakipata.